Historia ya Mahindi

Fanuel Maroa aliposhuka melini katika gati ya Homa Bay, Agosti ya mwaka wa sitini na saba, alitarajia vigelegele, na akavipata. Alitarajia mama yake alie kidogo, na mama akalia kidogo, akafuta machozi kwa pindo la leso, akamaliza. Jambo ambalo hakulitarajia hata kwa ndoto ni kwamba wale wanawake kumi na mmoja waliotoka Migori kuja kumpokea walikuwa wameshika mahindi, kila mmoja na hindi lake mkononi.

Wala hayakuwa mahindi ya kumkaribisha mgeni. Yalikuwa mafupi, yamepinda, punje tatu hapa na nne kule kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mama yake, Truphena, mjane ambaye sauti yake iliongoza kwaya bila kuhitaji kinanda, akampokonya mwanawe sanduku, akamkabidhi hindi baya kuliko yote, na akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, Wakuria na Wajaluo: "Mwanangu, umefika. Sasa tuambie, hili limepatwa na nini?"

Fanuel akaligeuza lile hindi. Ndani ya sanduku alikuwa na shahada ya chuo kikuu kimoja huko Uhindi, imefungwa kwa nailoni isiingie maji. Miaka mitatu alikuwa amesoma historia ya Uhindi na ya dunia ya sasa. Ungemwamsha usingizini akakueleza kwa nini ufalme wa Mamughali ulianguka, nani alimsaliti nani kule Plassey, na Bismarck aliwachezeaje Wafaransa. Kuhusu mahindi alijua mambo mawili: yanachomwa, na yanachemshwa.

"Tutaliangalia," akasema.

Jamani, hilo ndilo neno la wasomi duniani kote wanapokosa la kusema. Lakini lilikuwa na uzito wake, maana wanawake walitazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ni mmoja tu hakutikisa kichwa, Nyasuguta, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, mama mwenye jicho la kutafuta kasoro kama watu wa Osiri wanavyotafuta dhahabu mchangani. Yeye alimtazama Fanuel, akalitazama hindi, akamtazama Fanuel tena.

Sasa nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna watu watakaosema kosa hili lilianza kwa Truphena, na mimi nikisikia hivyo napandwa na hasira. Kosa lilianza kwa Walter, karani mmoja aliyekuja kutoka Homa Bay siku Fanuel alipoagwa, Juni ya sitini na nne. Kiswahili chetu cha huku, kama ujuavyo, hakisumbuliwi na ngeli. Watu wa pwani wana vikapu vyao saba au vinane vya kupangia maneno. Sisi tuna kimoja, kinaitwa "ma", na kila kilicho kingi tunakitupa humo. Tunasema mapolisi, mawatu, mangombe, na maisha yanaendelea. Basi Walter akasimama mbele ya kanisa zima na tai yake nyekundu, akatangaza: "Kijana yenu anaenda ng'ambo miaka tatu, kusomea historia ya Mahindi na dunia ya sasa."

Yeye alimaanisha Wahindi. Nani angejua? Mama anayeamkia jembe kila siku ya Mungu, akisikia serikali inampeleka mwanawe kusomea mahindi, atashangaa nini? Truphena alishangaa kitu kimoja tu, kwamba serikali imechelewa. Akamuuliza Cephas, mwalimu wa kanisa, historia ni kitu gani, na Cephas akamwambia ni habari za kitu tangu mwanzo wake. Truphena akaona ni sawa kabisa. Hata ng'ombe ukitaka kumjua lazima ujue mama yake.

Ukitaka kumlaumu mtu mwingine, mlaumu Fanuel mwenyewe na barua zake. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo Cephas ndiye aliyemsomea na kumwandikia. Na barua za mama zilikuwa na maswali. Huko mnapanda mwezi gani? Mnapalilia mara ngapi? Mashina mnayaachia nafasi ya hatua au ya shibiri? Fanuel, akiwa amelala chali bwenini na joto la Mei, alifikiri mama anataka tu kujua maisha ya huko, akasikia huruma. Akawa anakwenda kwa mpishi wa bweni, mzee aliyetoka mashambani, kumuuliza. Akaandika: huku mvua huanza Juni, mama, nao hupanda Juni; hupalilia mara mbili. Kisha akarudi kwa profesa wake, mtu mfupi aliyesoma daftari lilelile kwa miaka ishirini huku wanafunzi wakinakili hata kikohozi chake. Mtihani ulikuwa na maswali kumi, na juu yake siku zote yaliandikwa maneno yaleyale: jibu yoyote matano. Fanuel alizoea kuishi duniani akiwa amejiandaa kwa matano.

Huku nyuma, mwaka wa sitini na sita, ilifika mbegu mpya dukani, ile ambayo watu waliiita mbegu ya serikali. Wanawake wa chama cha kanisa waliiogopa. Truphena, mwenyekiti wao, akasimama akasema yeye anaipanda, na nani abishane naye, mwanawe yuko ng'ambo anasomea kitu hichohicho? Wakapanda wote. Mavuno yakaja ambayo hata wazee hawakuwahi kuyaona. Maghala yalijaa hadi watu wakahifadhi mahindi chini ya vitanda. Wakachagua yaliyo mazuri kupita yote, wakayaning'iniza juu ya moshi wa jikoni kama ilivyofanywa tangu enzi za bibi zao, na Machi iliyofuata wakayapanda. Yakaota hovyo. Shina moja refu, jirani yake kibeti, jingine limezaa nywele tupu.

Hapo ndipo Nyasuguta alipoanza kusema. Kwanza alisema kisimani, baadaye akasema kanisani. Mashamba yameharibika kwa ajili ya neno la mtu mmoja, na mtu huyo asikae kwenye kiti kana kwamba hakuna lililotokea. Wakakubaliana: mtoto akirudi, Jumapili ya kwanza baada ya ibada, aeleze. Akiwa na jibu, Truphena abaki mwenyekiti. Akikosa, ashuke, na mihuri ya chama aikabidhi kwa mwingine. Truphena alikuwa amekiongoza chama hicho tangu mumewe afariki. Hakikuwa kiti tu kwake, kilikuwa mahali pa kusimama.

Haya yote Fanuel aliyasikia ndani ya gari la misheni, kutoka Homa Bay hadi Migori, akiwa amelipakata hindi lake. Walipofika Rangwe walisimama kunywa chai, na mama akamtambulisha kwa muuza maandazi, kwa fundi wa baiskeli, na kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kuni zake na hakuuliza kitu. Huyu ndiye mwanangu aliyesomea mahindi. Kila alipolisema hilo, Fanuel alifungua kinywa, na kila alipofungua kinywa aliona uso wa mama yake ulivyong'aa, akaingiza andazi.

Siku tatu zilibaki kufika Jumapili. Siku ya kwanza aliamua kumwambia mama ukweli asubuhi. Mama akawa shambani. Aliamua kumwambia mchana. Mama akaja na wageni. Jioni akaanza kabisa, "Mama, kuna jambo," na mama akasema, "Kula kwanza," na ukishaambiwa ule kwanza na Truphena hakuna la pili. Fanuel aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa amesoma habari za watu waliokabili mizinga wakiwa na fimbo mkononi, naye alishindwa kumkabili mama aliyeshika mwiko.

Siku ya pili akaenda dukani.

Duka la mbegu pale Migori lilikuwa la Mhindi mmoja mzee, Jivraj. Lugha ya Kikuria haina "v", kwa hiyo watu walimwita Jiburaji, na baadaye, kwa kuwa maisha ni mafupi, wakamwita Jibu. Jina lilimfaa. Uliza msumari wa inchi ngapi, dawa ya kupe, ratiba ya reli ya Kisumu, alikuwa na neno. Fanuel akangoja wateja waishe, akaliweka lile hindi juu ya meza, akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba kuuliza.

"Wewe si ndiye yule aliyesomea mahindi?" Jivraj akamuuliza.

Fanuel akageuka kuangalia mlango. Halafu akamwambia ukweli wote, mtu wa kwanza kuambiwa: mimi nimesomea Wahindi, mzee. Jivraj akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akamtazama upya kijana huyu aliyesafiri wiki mbili baharini kwenda kumsomea yeye.

"Na umetuona vipi?" akauliza.

Akacheka peke yake hadi akashika meza. Alipotulia, akalichukua hindi, wala hakulitazama mara mbili. Alisema mbegu ile hairudiwi. Inanunuliwa mpya kila msimu, kwa sababu imezaliwa na wazazi wa koo mbili tofauti, waliochaguliwa na wataalamu kule Kitale, na nguvu ile ni ya mtoto wa kwanza tu. Ukiipanda tena yenyewe kwa yenyewe inarudi nyuma. Fanuel akauliza kwa nini basi hakumwambia mtu. Kila gunia lilikuja na karatasi za maelezo, mzee akasema, za Kiingereza, nzuri, nene. Naye kwa miezi sita alikuwa akifungia watu sukari kwa karatasi zile. Akafungua droo, akatoa moja iliyobaki, imekunjwa umbo la faneli. Uso wake ulikuwa umepoteza kicheko chote.

"Nilidhani ni matangazo," akasema.

Fanuel akaisoma pale pale mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Alipotaka kuondoka, Jivraj akamzuia. Naye alikuwa na swali. Yeye alizaliwa Kisumu, karibu na soko, na Uhindi hajapata kuiona. Siku hizi kaka yake anamwandikia wahame, na hapa dukani watu wazuri tu, wateja wake, wanamuuliza atarudi lini kwao. Kwao ni wapi? Babu yake alitoka upande wa Jamnagar. Fanuel amefika huko?

Alikuwa amepita kwa treni tu, mara moja, akienda kuona bahari na wenzake. Lakini alivuta kiti akaketi, na kwa saa nzima akamweleza mzee alichokiona: vumbi lilivyo jeupe, ngamia barabarani kama punda wa huku, wanawake waliojaa bangili hadi kwenye kiwiko, na kituo kimoja ambapo chai iliuzwa kwa vikombe vya udongo, ukimaliza unavivunja chini.

"Wanavivunja vikombe?" Jivraj akauliza.

"Kila mtu."

Mzee akafikiri sana. Mwishowe akasema hapana, hao ni watu wengine, na kwamba yeye anadhani atabaki Migori. Akampa Fanuel sukari robo, imefungwa kwa gazeti.

Basi Jumapili ikafika na Fanuel alikuwa na swali moja aliloliandaa vizuri, na alikuwa ameamua. Hatasema neno lolote juu ya Wahindi. Atasimama kama mtaalamu, ataeleza mbegu, mama atabaki na kiti chake, na kila mtu atakwenda kula. Usinitazame hivyo, wewe ungefanya nini? Ibada ikaisha, wanaume wakatoka nje kuongelea ng'ombe, wanawake wakasogeza mabenchi. Truphena alikaa mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani, mihuri ya chama mapajani ndani ya mkebe wa kakao. Mikono yake ilikuwa imeufunika mkebe ule.

Alikuwa hajafungua kinywa Nyasuguta aliposimama. Alisema kwa adabu zote kwamba yeye ni mama wa kawaida, hana elimu, na angependa kujifunza. Kabla kijana hajasema, ile karatasi ya chuo isomwe. Mwalimu Cephas anajua Kiingereza, asome tu, tusikie imeandikwa mahindi ya namna gani.

Shahada ilikuwepo, mama mwenyewe aliileta ili watu waione. Cephas, mzee mwembamba aliyefundisha watoto amri kumi kwa miaka thelathini, akaifungua nailoni taratibu, kwa utaratibu wa mtu anayetaka nailoni iwe ndefu zaidi. Akasoma kwa macho. Midomo yake ikacheza. Akamtazama Truphena, akaitazama karatasi.

"Hapa wameandika," akaanza, "hapa wameandika habari za... ma..."

Na Fanuel akaona kitakachotokea. Mwalimu wa kanisa, ndani ya kanisa, Jumapili, Biblia iko hatua mbili, alikuwa karibu kusema uongo kwa ajili yake. Kuna mambo ambayo hata mtu aliyejiandaa kwa maswali matano hawezi kuyaacha yapite. Akasimama.

"Hakuna mahindi hapo, mwalimu," akasema. "Mimi nilisomea Wahindi."

Hakuthubutu kumtazama mama yake. Kutoka benchi la nyuma mtu akauliza, Wahindi gani, hawa wa dukani? Fanuel akasema hawa hawa, na ndugu zao, na wafalme wao. Benchi moja likaanza kutikisika, halafu la pili, na mara kanisa zima lilikuwa linacheka, wanawake wakilaliana mabegani, na Nyasuguta akifuta macho kwa mgongo wa kiganja.

"Miaka tatu?" akasema. "Si ungemuuliza Jibu?"

"Nimemuuliza," Fanuel akajibu. "Ijumaa. Lakini Wahindi sikumuuliza. Nilimuuliza mahindi."

Hapo kicheko kikapungua, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shamba. Fanuel akaitoa ile karatasi iliyokunjwa, akaifungua, halafu akaona kwamba hawezi kuisoma. Maneno yake yalikuwa ya kitaalamu na makavu, na nyuso hizi zilikuwa zikimngoja. Akaiweka kando. Akatafuta kichwani mwake, kwenye miaka yote mitatu, katika daftari lote la profesa na kikohozi chake, na huko kwenye kona ya somo moja la Ulaya akakikuta kitu.

Akawaambia palikuwa na ukoo wa wafalme huko Ulaya, wenye nchi nyingi kuliko Truphena alivyo na kuku. Waliogopa mali isitoke nje ya nyumba. Basi wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Binamu akaoa binamu, mjomba akamwoa mtoto wa dada yake. Pale pale wanawake wakaanza kuguna. Kwa Wakuria na kwa Wajaluo, wasiokubaliana juu ya mambo mengi, ukoo mmoja hauoani. Hilo halijadiliwi, hata kulitaja kwa sauti mbele ya watoto ni aibu. Fanuel akaendelea. Wakafanya hivyo mara moja, mara mbili, vizazi vingi, hadi akazaliwa mfalme mmoja wa Hispania aliyekuwa na taya limemtokeza mbele hivi, hawezi kutafuna, ulimi hautoshi kinywani. Hakupata mtoto. Akafa, na nyumba ile ya kifalme ikafungwa.

"Hata hindi la kuchemsha asingeweza?" Nyasuguta akauliza.

"Hata la kuchemsha."

"Maskini," akasema Nyasuguta, na alimaanisha.

"Sasa mbegu ya serikali," Fanuel akasema, "baba yake alitoka ukoo mmoja, mama yake ukoo wa mbali. Walichumbiana vizuri, wakaoana vizuri. Ndiyo maana mtoto wao alijaza maghala. Sisi tukawachukua watoto hao, wote wa tumbo moja, tukawaning'iniza jikoni pamoja, na Machi tukawapeleka shamba moja. Kaka na dada. Tukawaacha huko."

Aliona jambo lile likipita kutoka benchi hadi benchi, mkono mmoja ukifunika kinywa, kisha mwingine.

"Uuu," akasema bibi mmoja mzee mbele, polepole. "Kumbe tumeozesha ndugu."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Walichotaka kujua sasa ni lini Jibu ataleta mbegu mpya, na kama ni dhambi kula hayo yaliyozaliwa, na Cephas, aliyepona kutoka kwenye uongo wake kwa neema tu, akasema si dhambi kula ila yasipandwe. Nyasuguta ndiye aliyesimama mwisho. Alisema kwamba yeye alikuwa ameomba jibu, na jibu amelipata, ingawa limezungukia Hispania. Kwa hiyo Mama Fanuel akae palepale na mkebe wake. Lakini siku nyingine ikija mbegu yenye karatasi, karatasi isomwe kwanza. Truphena akasema yeye hajui kusoma. Nyasuguta akamwambia, sasa huyo aliyesimama pale ni wa kazi gani?

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele na mkebe wake, mwana nyuma na shahada yake. Fanuel alikuwa na mzigo kifuani. Walipovuka kijito, mahali ambapo hakuna wa kusikia, akaomba msamaha. Alisema alipaswa kusema tangu Homa Bay. Amemwaibisha mbele ya watu, miaka mitatu amemwacha aseme kitu kisicho kweli kila soko na kila njia panda. Alisema angejua mama anakosea angemwandikia.

Truphena akacheka. Hakugeuka.

"Mimi nilijua tangu barua yako ya pili," akasema. "Cephas alinieleza. Alisema, huyu anasoma habari za Wahindi, si za mahindi."

Fanuel akasimama katikati ya njia. "Na maswali yote yale? Kupanda, kupalilia?"

"Ulikuwa umeshakwenda. Kijiji kizima kimetoa kuku na mayai na baraka zao, ukasomee mahindi. Niwaambie nini? Kwamba umekwenda kusomea wenye duka? Wangenicheka mimi siku mbili. Wewe wangekucheka mpaka kaburini." Akauhamisha mkebe kwapa la pili. "Nikaona nikuulize tu. Nikasema, nikiuliza, atatafuta. Akitafuta, kidogo kitamwingia. Ulipojibu kwamba wao wanapanda Juni, nikamwambia Cephas, unaona, mtoto anasoma."

Fanuel alikumbuka mpishi wa bweni, moshi wa jiko lile, na yeye amesimama mlangoni na barua mkononi, akimuuliza mzee wa watu habari za kupalilia, akimhurumia mama yake. Alimpenda mama huyu hadi akaona anaumia. Wakatembea mpaka kwenye shamba lao, penye yale mashina marefu na vibeti, na ndipo akapata la kusema, la kisomi, kwa sababu hakuwa na lingine.

Akamweleza kwamba kosa lao si la kwanza. Palikuwa na baharia mmoja wa zamani, Kolumbo, aliyepanda meli kutafuta nchi ya Wahindi. Akapotea, akafika nchi nyingine kabisa, na watu aliowakuta huko akawaita Wahindi, na mpaka leo tunawaita Wahindi Wekundu. Na unajua walikuwa wamepanda nini? Mahindi. Yalitoka huko, yakazunguka dunia, yakafika kwetu, na wenye kuchunguza lugha wanasema hata jina lake ni lile lile la Uhindi. Mtu alitafuta Wahindi, akapata mahindi. Alifikiri mama atafurahi.

Truphena alichuma hindi moja lililopinda, akalimenya maganda, akalitazama.

"Na alipojua amekosea, alifanya nini?"

"Hakukubali, mama. Alikufa akisema amefika Uhindi."

"Maskini," akasema Truphena, akamtupia lile hindi akalichome. "Hakuwa na mama wa kumwandikia barua."